Faini ya dakika tisa

Kila nikigusia mambo ya data, kuna komenti moja lazima ifike, na huwa inapigiwa laiki kuliko posti yenyewe: "Buda, wachukue tu. Mimi ni hasla, sina kitu. Data yangu wataifanyia nini?"

Leo naijibu. Na naijibu kwa lugha ya pesa, kwa sababu nikianza na Katiba najua nusu yenu mtapita mwende kuangalia mtu akipika chapati.

Skizeni. Kuna watu wanajua una kitu, na walijua kabla yako. Wanaitwa apu za mikopo. Benki ikikukopesha inataka hati ya shamba, logibuku ya gari au slipu ya mshahara. Wewe huna hata moja. Una miaka 21, unaishi bedsita, lakini apu ilikupea 3,000 kwa dakika mbili ukiwa umelala kitandani. Hukujiuliza dhamana ilikuwa gani? Dhamana ilikuwa simu yenyewe. Majina yote uliyosevu, meseji za M-Pesa zinazoonyesha unaingiza ngapi na zinaishia wapi, mahali unalala usiku. Ulipobonyeza "kubali" ulikuwa unaweka rehani, na mali uliyoweka haikuwa yako peke yako. Ilikuwa ya mathe, ya pasta, ya yule dem mliachana na hukuwahi kufuta namba yake.

Binamu yangu anauza chipo karibu na steji ya matatu, mtaa siutaji. Alikopa 3,500 kwa apu anunue mafuta. Mvua ikanyesha wiki nzima, na watu hawasimami kwa mvua kungoja chipo, akachelewa kulipa siku mbili. Siku ya tatu ile apu ikatumia watu kama 40 waliokuwa kwa simu yake meseji, kwamba huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Mimi niliipata. Shosho aliipata, ikabidi aitiwe mtoto wa jirani amsomee, fikiria hiyo aibu. Lakini aliyeipata na ikaleta hasara ni mzee wa Nyandarua anayemletea viazi. Huyo mzee alikuwa akimwachia gunia Jumatatu na kulipwa Ijumaa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, ni kuaminiana tu kwa miaka mitatu. Baada ya hiyo meseji akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, siku hizi tuanze na pesa kwanza."

Mkopo aliulipa wote, pamoja na zile adhabu walizoongeza. Gunia la deni halikurudi. Miezi minne alikuwa ananunua viazi kwa ndoo, na kila mtu aliyewahi kununua kitu kidogo kidogo anajua maskini ndiye hununua ghali. Akamwachisha kijana aliyekuwa anamsaidia kumenya. Kwa hivyo deni la 3,500 lilimaliza kazi ya mtu ambaye hata hakukopa.

Sasa niambie tena hana kitu. Alikuwa na jina zuri kwa mzee mmoja wa Nyandarua, na biashara nzima ilikuwa imekalia hilo jina. Mtaani hakuna benki inayokujua. Unajulikana na mtu wa duka, mtu wa maji, landilodi, chama. Tajiri akianikwa ataita wakili, na akirudi benki bado hati yake ya shamba iko palepale. Wewe ukianikwa umeanikwa na mtaji wako. Hao wanaosema faragha ni mambo ya watu wa Karen hawajawahi kukaa kibandani wakaona pesa inavyozunguka.

Mtasema, si kuna sheria? Kuna. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data. Machi 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na zinakataza waziwazi kuingilia majina yaliyo kwa simu yako ili kukuaibisha juu ya deni. Kwa karatasi tuko mbele ya nchi nyingi.

Na sitaki kumpaka mtu matope bure. Hiyo ofisi ya Kamishna imefanya kazi ambayo wengi wenu hamjui. Kupeleka malalamishi hakulipishwi, unajaza mtandaoni bila wakili, na sheria inawapa siku 90 kumaliza. Kuna watu ambao picha zao zilitumika kwa matangazo bila kuulizwa na ofisi ikaamuru walipwe fidia. Kama sura yako iko kwa bango la saluni ya mtu na hukuwahi kukubali, wacha kulia kwa stetasi, andika malalamishi.

Mimi nina shida na faini.

Septemba 2023 ofisi ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Mulla Pride, kampuni ya apu za KeCredit na Faircash, 2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Kilabu kimoja hapa Nairobi, 1,850,000, kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kujienjoi bila kumuuliza. Shule moja, 4,550,000, kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Na kabla ya hapo kampuni ya simu ya Oppo ilikuwa imepigwa milioni 5 kwa sababu ya picha ya mtu iliyotumika kwa Instagram yao bila idhini.

Zisome tena polepole. Kampuni ya apu za kutishia watu, karibu milioni 3. Shule, milioni 4 na nusu. Watengenezaji wa simu zinazouzwa dunia nzima, milioni 5. Kati ya shule na kampuni ya kimataifa, tofauti ni shilingi 450,000! Sisemi shule ilionewa. Picha ya mtoto si tangazo la kuitisha fizi. Lakini adhabu inayokaribiana hivyo kati ya hao wawili inakuambia kuna mahali kamba imefungwa, na haijafungwa kwa shingo ya mkubwa.

Imefungwa kwa Kifungu cha 63. Kitafuteni, ni mistari michache tu. Faini ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kuandika ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Alafu kuna maneno ya mwisho, yale ambayo jicho hupita: inayotumika ni ile iliyo ndogo.

Ndogo.

Ulaya, ambako sisi tulienda kuangalizia, wameandika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, ile iliyo kubwa. Yaani tulikopi homuweki ya mtu, tukabadilisha neno moja, na tukabadilisha lile ambalo ndilo lilikuwa jibu. Mei 2023 Ireland iliipiga Meta faini ya euro bilioni 1.2. Meta hiyohiyo ikifanya kosa hilohilo na data ya Wakenya, Kamishna wetu akiwa amekasirika mpaka mwisho, faini yake inaishia milioni 5. Hiyo ni bei ya gari moja la mbunge, na si lile zuri.

Chukua kampuni inayoingiza shilingi bilioni 300 kwa mwaka. Hapa Kenya iko, na pengine ndiyo imekuuzia bando unalosomea hii. Siishtaki kwa lolote, naazima ukubwa wake nipige hesabu. Asilimia 1 ya bilioni 300 ni bilioni 3. Lakini kwa kuwa milioni 5 ndiyo ndogo, italipa milioni 5. Sasa gawa bilioni 300 kwa siku 365, ugawe kwa masaa, ugawe kwa dakika. Milioni 5 inaingia kwa chini ya dakika tisa. Kampuni ya ukubwa huo ikianika data ya watu saa nne asubuhi, kabla kikombe cha chai ya saa nne kipoe faini imeshapatikana.

Upande huu mwingine weka mama mwenye hoteli ndogo. Mauzo yake ni milioni 3 kwa mwaka, hiyo ni kama 8,000 kwa siku, na hiyo ni mauzo, sijasema faida. Asilimia 1 ni 30,000. Ondoa unga, gesi, nyama, kodi ya nyumba, mshahara wa wasichana wawili, na hiyo 30,000 ndiyo alibaki nayo mwezi mzima, kama mwezi ulikuwa mzuri. Kwa hivyo kwa kosa lilelile, mmoja anatoa mwezi wa jasho na mwingine anatoa dakika tisa. Na mwenye dakika tisa ana ghorofa nzima ya mawakili, wataipinga miaka mitatu mahakamani wakitaka. Faini kama hiyo kwake ni laini moja kwa bajeti, kando ya pesa ya maji ya kunywa.

Ukiuliza wakubwa kwa nini iko hivyo utaambiwa wawekezaji watahama. Hii ndiyo ile tunaambiwa kila kitu kikitakiwa kubadilika, kuanzia mishahara hadi moshi wa viwanda. Meta ililimwa euro bilioni 1.2 na bado ofisi zake za Ulaya ziko Dublin. Hawajahamia Djibouti.

Kuna wengine, na hawa ni watu wetu, wanasema sheria za data zitaua biashara ndogo. Hii naiongea nikiwa ndani. Video hazilipi kodi ya nyumba kila mwezi, kwa hivyo mimi na dada yangu tunauza viatu vya mitumba mtandaoni. Tuna namba za wateja kama 400, mahali wanakaa, saizi ya mguu, siku wanayolipwa mshahara. Kisheria sisi ni wadhibiti wa data, yaani ndio tunaamua hiyo data itatumika vipi, hata kama ofisi yetu ni kona ya chumba karibu na sufuria. Sasa, biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 haihitaji kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa uko kwa zile sekta nyeti kama mikopo, afya, elimu, hoteli, kamari, usafiri wa abiria. Na ukihitaji, kwa biashara ndogo usajili ni 4,000, cheti kinakaa miaka miwili. Hiyo ni chini ya shilingi 6 kwa siku. Mtu asiniambie hiyo ndiyo inaua hasla, wakati kuna leseni ya kaunti, ada ya taka ambayo haizolewi, na kanjo ambaye hana risiti.

Na kutunza data ya watu 400 kunagharimu nini hasa? Simu moja yenye nywila, isiyochezewa na kila mgeni. Kufuta mahali mteja anakaa akishapokea viatu vyake. Na kutoposti skrinishoti ya malipo ya mteja kwa stetasi na maneno "asanteni kwa kutuamini" huku jina lake lote na namba vinameremeta hapo juu. Nyinyi wenye biashara za Instagram mnajijua. Mteja alilipia viatu, hakulipia kuwa bango lako. Kama ushahidi wa mauzo ni lazima, funika jina na kidole cha emoji, mbona ni sekunde tatu.

Tukiwa hapohapo kwa vitu vidogo: kile kitabu cha mlangoni. Kila jengo hapa mjini unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi, na juu yako kuna watu 20 unaweza kusoma zao ukingoja kalamu. Rafiki yangu mmoja aliandika namba yake akienda intavyu ghorofa ya tano. Lifti haikuwa imefika, meseji ilikuwa imefika: "Mambo mrembo." Kila msichana anayesoma hii ana yake ya kuongeza. Na vitabu vikijaa huenda wapi? Umewahi kununua njugu za kumi ukafungua karatasi ukapata ni fomu ya hospitali fulani, na jina la mgonjwa liko hapo pamoja na kile anaumwa? Mimi nimewahi. Nilikula njugu nikijua presha ya mtu ni ngapi.

Ya kwangu ni ya chuo. Niliacha shule mwaka wa pili, sababu zangu mnazijua kwa video zingine. Mpaka leo napata meseji za shule za udereva, kozi za mtandaoni na watu wa mikopo, na zote zinaniita kwa jina langu la tatu. Hilo jina situmii popote. Nililiandika lote mahali pamoja, fomu ya kujiunga na chuo. Sijui ni nani aliuza, lakini najua duka lilikuwa wapi.

Turudi kwa pesa kubwa. Julai 2023, KICC. Mnakumbuka ile laini. Watu walijipanga tangu asubuhi wapigwe picha ya mboni za macho na lile dude la duara linalong'aa la Worldcoin, wapewe tokeni za kama shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walijisajili kabla mambo hayajasimamishwa. Mitandao ikawacheka wiki nzima, ati wajinga wanauza macho. Mimi sikucheka na bado sioni kichekesho. 7,000 ni kodi ya singo mitaa mingi ya Nairobi na chenji ya unga. Wale watu walipiga hesabu vizuri kuliko waliokuwa wanawacheka wakiwa kwa waifai ya ofisi. Kilichotokea ni kwamba wenye dude nao walikuwa wamepiga hesabu yao, wakajua ni nchi gani yenye simu nyingi, vijana wengi na kazi chache, mahali mboni ya jicho itapatikana kwa bei hiyo.

Agosti 2 serikali ikasimamisha. Baadaye ikajulikana kwamba ofisi ya Kamishna ilikuwa imeiagiza hiyo kampuni iache kukusanya data tangu Mei. Mei! Laini ya KICC ilikuwa Julai. Mtu anapata barua ya kuambiwa acha, anaiweka kwa droo, miezi miwili baadaye anakodisha uwanja mkubwa zaidi. Na kwa nini asifanye hivyo? Kifungu cha 63 kimeshamwambia bei ya juu. Ilichukua kesi ya Katiba Institute, na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamua kwamba data ile ilikusanywa kinyume cha sheria, hakukuwa na tathmini ya athari inayotakiwa, na ridhaa iliyovutwa kwa tokeni haitoshi. Akaagiza ifutwe ndani ya siku saba. Kutoka laini hadi hukumu ni karibu miaka miwili. Kwa hiyo miaka miwili unaweza kufundisha kompyuta vitu vingi sana na jicho la mtu.

Kwa hivyo mkiniambia soko liachwe liamue bei ya data, nawaambia liliamua, tuliona. Njaa ndiyo ilishika kipaza sauti.

Sasa serikali, na hapa ndipo wengine wataanza kuniambia nirudi kwa video za vichekesho.

Serikali ndiyo ilitunga hii sheria, na yenyewe imekuwa mteja mbaya zaidi. Huduma Namba: 2019 tukapanga laini, alama za vidole, picha, majina ya wazazi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema utoaji wa zile kadi ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu hawakufanya tathmini ya athari kwa data kabla ya kuanza. Tathmini ileile ambayo Worldcoin nao hawakuwa nayo. Sasa wewe mwenye serikali utamfokea vipi mgeni na mlango wako ulikuwa wazi? Juni 2021, Wakenya waliingia eCitizen kuangalia tu, wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvaa tishati yake. Mtu fulani alitoa namba za vitambulisho mahali fulani. Labda ni kile kitabu cha mlangoni, nani anajua.

Alafu kuna KRA. Mswada wa Fedha wa 2024, sisi wote tuliusoma tukitafuta mkate na ushuru wa magari. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha kuondoa masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data pale habari zinapohitajika kwa kukadiria au kukusanya ushuru. Mswada ulikufa, mnajua ulikufa vipi na ni nani walikufa kabla yake. Mwaka mmoja baadaye, Mswada wa Fedha wa 2025, wakarudi kwa mlango wa nyuma: safari hii ni kufuta kipengele kinachoizuia KRA kulazimisha biashara iliyounganishwa na mitambo yake kutoa siri za biashara na data binafsi ya wateja. Wabunge wakakikataa. Mara mbili kwa miaka miwili.

Na mtu asinipeleke kwa ile hoja ya "kama unalipa ushuru unaogopa nini." Silii juu ya ushuru. Sheria tayari inaipa KRA njia ya kwenda mahakamani kuomba kibali ikimshuku mtu. Inachotaka ni kuruka hakimu. Fikiria ni nani ataumia kwanza. Mwenye duka la dawa mtaani, ambaye wateja wake hununua vitu ambavyo hawataki hata bwana wa nyumba ajue. Wakisikia tu rekodi zake zinafunguliwa bila mtu kuuliza hakimu, watavuka barabara waende kwa yule wa pesa taslimu asiyetoa risiti. Hapo KRA itakuwa imepoteza ushuru, mwenye duka wateja, na mgonjwa atakuwa amenunua dawa kwa mtu wa kichochoroni. Hiyo hesabu mtu wa uchumi wa mwaka wa pili anaiona, na mimi niliishia hapohapo.

Ninachotaka si kikubwa. Neno moja kwa Kifungu cha 63 libadilishwe, ndogo iwe kubwa, na wale wadogo wa mtaani wawekewe kikomo chao cha shilingi kinachoeleweka. Kampuni ya bilioni 300 iogope bilioni 3. Mama wa hoteli apewe onyo kwanza na mtu wa kumfundisha kabla ya faini. Na Mei ijayo Mswada mpya wa Fedha ukitoka, kabla hujatafuta neno mkate, tafuta neno data. Nitausoma laivu, kipengele kwa kipengele, leteni njugu.

Kubadilisha hilo neno ni kazi ya Bunge, kwa hivyo mwambie mbunge wako. Si ana namba yako? Ndiye alikutumia ile SMS ya 2022 ya "Ndugu mpiga kura," akikuita kwa jina lako lote mpaka la babu, na hukuwahi kumpa. Ningesema umjibu hapohapo, lakini nilijaribu. Ile namba ni ya kutuma tu, haipokei.